Kamera ya Laki Nne na Themanini au Kuku 80? Soma Kabla Hujatoa Hela ya Kikundi



Leo naweka pembeni kantangaze na mdondo. Kuna swali ambalo naulizwa sana na vijana wanaofuga na kulima kibiashara, kuanzia Bunju na Mabwepande kule Kinondoni mpaka Chamazi na Toangoma kule Temeke. Swali lenyewe ni hili: "Bwana shamba, tununue kamera kubwa ya mtumba ili picha zetu ziuze?" Wanamaanisha zile DSLR, kamera nyeusi za kubadili lenzi ambazo unaziona kwenye maharusi.

Sitakujibu kwa ndiyo au hapana. Nitakueleza yaliyotokea kwa kikundi kimoja cha Mabwepande, halafu utapima mwenyewe.

Kosa lilianzia kwangu

Kikundi kina vijana watano, wavulana watatu na wasichana wawili. Wanafuga kuku wa nyama, 250 kila mzunguko, na pembeni wana matuta ya mchicha na matembele. Siku moja niliwafundisha kuhusu masoko, nikasema kwa mbwembwe: "Mteja wa mjini ananunua kwa macho. Picha mbaya inaua biashara." Nikaendelea na mambo mengine.

Wiki tatu baadaye mwenyekiti wao akanipigia.

"Shikamoo bwana shamba. Tumepata kamera Kariakoo. Laki nne na themanini pamoja na lenzi. Tunataka tu baraka zako, kesho winga anasema itauzwa."

"Marahaba. Hela inatoka wapi?"

"Kwenye akaunti ya kikundi."

Nikanyamaza. Hela ya akaunti nilikuwa naijua. Ilikuwa 1,900,000, na ndiyo ilikuwa inasubiri kununua vifaranga na chakula cha mzunguko unaofuata. Maneno yangu mwenyewe ndiyo yaliyowapeleka huko.

Na kiukweli nilikuwa na sababu nyingine ya kuogopa. Mwaka 2019 na mimi nilinunua kamera ya mtumba, nikiwa na ndoto ya kupiga picha za wadudu na magonjwa kwa ajili ya mafunzo. Muuzaji alinipigia picha mbili dukani, zikapendeza, nikalipa. Nilipofika nyumbani na kumulika lenzi kwa tochi, nikaona ndani kuna utando kama nyuzi za buibui. Ukungu. Fundi akataka hela ambayo ilikaribia bei ya lenzi nyingine. Ile kamera mpaka leo ipo kabatini. Sikutaka vijana hawa wapite njia hiyo.

Nikamwambia mwenyekiti: "Usilipe. Winga akisema kesho itauzwa, mwache aiuze. Keshokutwa Jumamosi twende wote."

Hesabu kwanza, kamera baadaye

Ijumaa jioni tulikaa chini ya mwembe na daftari. Dada mweka hazina ndiye aliyeandika. Hesabu zilikuwa za mzunguko wao uliopita, wewe weka za kwako.

Kifaranga walinunua 1,700. Chakula, kuku mmoja alikula karibu kilo tatu na nusu mpaka kuuzwa, na kilo ilikuwa 1,500, kwa hiyo 5,250. Chanjo, mkaa, randa na umeme tukaweka 500. Jumla 7,450 kwa kuku mmoja. Hela yao ya 1,900,000 inatosha kuku 250 na chenji kidogo.

Sasa kamera. Bei ni 480,000, lakini haiishii hapo. Betri ya pili, memori kadi, begi, kifaa cha kuhamishia picha kwenye simu na nauli, tukapata kama 130,000. Jumla 610,000. Ukiitoa kwenye 1,900,000 inabaki 1,290,000, ambayo ni kuku 170 hivi.

Maana yake kamera inakula nafasi ya kuku 80 kila mzunguko. Mzunguko uliopita walibakiwa na faida ya 1,200 kwa kuku. Kuku 80 mara 1,200 ni 96,000. Hiyo ndiyo hela watakayoikosa kila mzunguko mpaka kamera irudishe mtaji wake.

Dada mweka hazina akagawa 96,000 kwa kuku 170 watakaobaki. Jibu likaja karibu 565. Akainua kichwa akasema, "Kwa hiyo picha nzuri lazima itufanye tuuze kila kuku kwa 565 zaidi, ili tu tuwe palepale tulipokuwa."

Hakuna aliyejibu haraka. Mwenyekiti akasema, "Lakini wateja wataongezeka." Nikamwambia inawezekana. Ila wakiongezeka utawauzia nini, kama umepunguza kuku?

Jambo lingine la kukumbuka. Kama hela yenu ni ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, basi hela hiyo ina mradi wake ulioandikwa kwenye maombi. Mliomba ya kuku, ni ya kuku. Msiibadilishe kimyakimya kuwa kamera.

Kariakoo: jinsi ya kukagua

Jumamosi tulikwenda hivyohivyo, kwa sababu kujua kukagua hakuna hasara. Kamera ilikuwa bado ipo. Ilikuwa Nikon D3200, toleo la mwaka 2012, na lenzi yake ya 18-55.

Kwanza ujue kwa nini kamera hizi zimekuwa nyingi kwenye mtumba. Canon na Nikon zote zilianza mwaka 2018 kutoa familia mpya za kamera kubwa zisizo na kioo cha ndani, na mwishoni mwa 2021 bosi wa Canon alisema EOS-1D X Mark III ndiyo itakuwa DSLR yao ya mwisho ya daraja la juu kabisa. Wapiga picha wengi wanahamia kwenye hizo mpya na kuuza za zamani. Hii ni neema kwa mnunuzi, lakini pia ni onyo: unanunua kitu ambacho bei yake inazidi kushuka. Usijidanganye kwamba utaiuza kwa bei uliyonunulia.

Ukaguzi wenyewe tuliufanya hivi:

1. Idadi ya picha ilizopiga. Shata ya kamera, yaani kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga, ni kama kilomita za bodaboda. Shata ya D3200 ilipimwa kiwandani kwa picha 100,000. Nikon D7000 na Canon 5D Mark II ni 150,000. Ikivuka hapo haifi siku hiyo, ila umeingia kwenye bahati. Kwa Nikon, piga picha moja mpya, ihamishie kwenye simu bila kuihariri, uifungue kwa programu inayosoma taarifa za picha, idadi itaonekana. Canon nyingi haziandiki namba hiyo kwenye picha, zinahitaji kompyuta na waya. Hii yetu ilikuwa imepiga kama 41,000. Nzuri.

2. Ukungu kwenye lenzi. Toa lenzi, ielekeze kwenye mwanga, mulika kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja huku unachungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi au madoa kama utando, achana nayo. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na kamera iliyokaa kabatini kwenye begi la kitambaa inaota ukungu kama mahindi yaliyohifadhiwa mabichi. Ndiyo iliyoniponza mimi.

3. Madoa ndani. Weka f/22, piga picha ya karatasi nyeupe, kisha ikuze kwenye kioo. Vidoa vyeusi ni vumbi kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga. Vumbi linasafishika. Mkwaruzo hausafishiki.

4. Kila kitufe. Bonyeza nusu uone kama inashika shabaha, ya karibu na ya mbali. Washa flashi. Rekodi video dakika tano. Fungua mlango wa betri na wa kadi, angalia kutu na pini zilizopinda.

5. Lenzi na kamera viendane. Lenzi ya Canon haiingii kwenye Nikon. Halafu Nikon za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya kuvuta shabaha ndani ya kamera, kwa hiyo lenzi isiyo na mota yake utaizungusha kwa mkono. Usikubali "lenzi ni lenzi tu".

6. Risiti na namba. Linganisha namba ya kamera na ya kwenye boksi kama lipo, na dai risiti ya EFD yenye maelezo ya bidhaa. Anayekuuzia barabarani bila jina wala risiti anaweza kukuachia kesi, maana kupokea mali ya wizi ni kosa.

Kamera ilipita yote. Hapo ndipo palikuwa pagumu, maana ingekuwa mbovu kazi yangu ingekuwa rahisi. Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Winga naye akaongeza, "Bro, nawapunguzia thelathini, chukueni."

Nikawaambia vijana: "Kamera ni nzima. Bado hatujajua kama sisi tunaihitaji. Tukodi moja siku moja kwanza." Winga alikasirika. Mwenyekiti pia.

Siku ya kukodi

Mpiga picha mmoja wa Bunju aliwakodishia kamera ya aina hiyohiyo kwa siku nzima, elfu arobaini. Tulianza saa moja asubuhi, maana kuanzia hapo mpaka saa tatu mwanga ni laini. Saa sita jua la Dar linachoma hata picha.

Kabla ya kuingia bandani nilizuia begi. Begi la kamera linakalishwa chini kila mahali na huwezi kulipulizia dawa. Mdondo na Gumboro vinasafiri kwa viatu, nguo na vifaa, na kirusi cha Gumboro ni sugu, kikishaingia bandani kinakaa muda mrefu. Simu unaifuta na kitambaa chenye spiriti, dakika moja imeisha. Kamera ina mikunjo na matundu, haifutiki kirahisi. Kwa hiyo kamera iliingia peke yake, imefutwa juujuu, na lenzi haikubadilishwa ndani. Vumbi la randa na manyoya likiingia kwenye sensa, utalijutia.

Matokeo? Nisiwe mnafiki. Kuku walipendeza. Nyuma kumefifia, jicho la kuku linang'aa, manyoya yanahesabika. Simu zao hazifiki hapo. Ukiwa mbali na kuku anayekimbia, DSLR inashinda. Ndani ya banda lenye mwanga hafifu pia inashinda, ingawa usipige chini ya balbu nyekundu za joto, kuku wote watakuwa rangi ya nyanya.

Kulikuwa na sehemu simu ilishinda. Nilimwomba kijana apige jani la mchicha lililoliwa na mdudu. Lenzi ile ya 18-55 haishiki shabaha ukisogea karibu zaidi ya sentimita 25 au 28. Mdudu akabaki kidoa. Simu ilisogea, ikamtoa mpaka miguu. Kwa hiyo kama lengo lako ni kunitumia mimi picha za magonjwa, simu inatosha. Hata programu ya PlantVillage Nuru, inayotambua magonjwa ya muhogo na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi bila intaneti, inafanya kazi kwenye simu, si kwenye DSLR.

Na ile hoja ya "picha iwe kubwa"? WhatsApp inaipunguza picha yako hata ikitoka kwenye kamera ya megapikseli 24. Ukitaka kuchapisha kipeperushi cha A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, unahitaji kama megapikseli 9. Simu ya megapikseli 12 inavuka hapo, ilimradi mwanga uwe mzuri na lenzi ya simu umeifuta. Wengi wetu tunapiga picha kupitia mafuta ya chipsi.

Kilichoamua si picha

Wiki hiyo walirusha picha za kamera siku mbili, na za simu siku mbili. Kisha dada mweka hazina akafanya kitu ambacho mimi sikukifikiria. Akapitia meseji zote za wateja za mwezi ule, moja baada ya nyingine.

Watu 31 walikuwa wameulizia kuku. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu picha. Waliuliza yaleyale: Bei gani? Kilo ngapi? Mnachinja? Mnaleta Mikocheni? Kati ya hao 31, watu 14 walijibiwa kesho yake, na katika hao 14 aliyenunua ni mmoja. Simu ya biashara ilikuwa inakaa kwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa anashinda bandani bila bando.

Jambo la pili. Picha iliyoleta maulizo mengi kuliko zote aliipiga yeye kwa simu yake: kuku aliyechinjwa na kusafishwa, juu ya mizani, namba inasoma kilo 1.6. Haikuwa nzuri. Ila ilikuwa imejibu swali la mteja kabla hajauliza.

Hapo kikundi kikapiga kura. Wanne wakasema hapana kwa kamera, mmoja ndiyo. Wakanunua mizani ya digitali kwa 45,000, wakaweka zamu ya kushika simu ya biashara, na hela iliyobaki ikaenda kwenye vifaranga. Zile picha za kamera ya kukodi hazikupotea, ndizo zilizowekwa kwenye bango lao, na bango bado linatumika.

Na yule mmoja?

Mwenyekiti hakunipigia simu miezi miwili. Nilimwelewa. Halafu mwaka uliofuata akanitumia picha ya sherehe ya kipaimara, imepigwa vizuri kweli. Alikuwa amenunua Canon ya mtumba kwa hela yake mwenyewe, gawio lake la kuku pamoja na faida ya matembele. Alikagua kwa orodha ileile. Sasa Jumamosi anapiga sherehe za mtaani, na kikundi kikihitaji picha za maonyesho ya Nane Nane, kinamkodi kwa bei ya ndugu.

Nikiri kitu. Mimi niliamini ile hamu ya kamera itamwisha. Haikumwisha, na sasa ana kazi ya pili. Anasema kamera bado haijarudisha hela yake yote, ila inaelekea. Kwa hiyo hesabu yangu ya kuku 80 ilikuwa sahihi kwa kikundi, lakini haikuwa sahihi kwake. Yeye alikuwa ananunua ufundi. Kikundi kilikuwa kinanunua matumaini.

Basi, kabla hujatoa hela, jiulize haya manne:

- Je, hela hii ni mtaji wa mzunguko unaofuata? Kama ndiyo, simama.
- Je, wateja wangu wananiacha kwa sababu ya picha, au kwa sababu sijibu, sipimi na sipeleki? Pitia meseji zako upate jibu.
- Je, nimeshakodi kamera angalau siku moja?
- Je, kuna mtu mmoja, mwenye jina, anayetaka kuitumia kila wiki na yuko tayari kujifunza? Kamera ya watu wote huishia kabatini, na kabatini kuna ukungu.

Ukishanunua, iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu na mikoba mipya. Itoe angalau mara moja kwa wiki upige picha, hata za kuku tu. Na usiingie nayo kwenye banda la jirani halafu ukarudi nayo kwako.

Tuonane shambani.